Ernest Oppenheimer, mfalme wa almasi ambaye sheria ya Marekani haikumfikia

Ernest Oppenheimer alifariki mjini Johannesburg tarehe 25 Novemba 1957, akiwa na umri wa miaka 77. Kwa karibu miaka 28 aliongoza kampuni ya De Beers, na kupitia kampuni hiyo aliamua almasi ngapi ziingie kwenye soko la dunia na kwa bei gani. Almasi za Kasai nazo zilipita mikononi mwake. Mwaka 1945 serikali ya Marekani ilijaribu kumzuia kwa njia ya mahakama, ikashindwa. Majaji hawakusema kwamba hana kosa. Tatizo ni kwamba sheria yao iliishia mpakani, na biashara yake haikuishia hapo.

Mchimbaji wa mikono wa Tshikapa au Mbuji-Mayi, sawa na yule anayeleta jiwe lake kuuza Kisangani, anajua kwamba bei si yeye anayeipanga. Mnunuzi anaangalia jiwe, anataja hesabu, na mwenye jiwe anakubali au anarudi nalo nyumbani. Mnunuzi naye ana mkubwa wake, na mkubwa huyo ana wake ng'ambo. Maisha ya Oppenheimer yanaonyesha jinsi ngazi hiyo ilivyojengwa, na kwa nini ilikuwa vigumu sana kwa nchi moja peke yake kuibomoa.

Kijana wa kuchambua mawe

Oppenheimer alizaliwa tarehe 22 Mei 1880 huko Friedberg, mji mdogo wa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sigara. Watoto wa kiume walikuwa wengi na biashara ya nyumbani haikuwatosha, kwa hiyo vijana walitafuta kazi ng'ambo. Akiwa na miaka 16, Ernest alikwenda London kufanya kazi katika kampuni ya Dunkelsbuhler, moja ya nyumba zilizonunua almasi kutoka Afrika Kusini. Kazi yake ilikuwa kuchambua mawe: kuyatenga kwa ukubwa, kwa rangi na kwa usafi wake. Mwaka 1901 alipata uraia wa Uingereza.

Mwaka 1902 kampuni hiyo ilimtuma Kimberley, mji wa migodi ya almasi ya Afrika Kusini, akawe mnunuzi wake. Alikuwa na miaka 22. Cecil Rhodes, mwanzilishi wa De Beers, alikuwa amefariki mwaka huo huo. Rhodes aliacha fundisho ambalo Oppenheimer alilishika maisha yake yote: almasi si adimu kama watu wanavyofikiri, na bei yake inabaki juu pale tu muuzaji anapokuwa mmoja.

Kimberley ilimpokea vizuri. Alioa mwaka 1906, akapata watoto wawili wa kiume, Harry na Frank. Mwaka 1912 alichaguliwa kuwa meya wa mji. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, jina lake la Kijerumani likawa mzigo. Mei 1915, baada ya manowari ya Wajerumani kuzamisha meli ya abiria Lusitania, hasira ya watu wa Kimberley iliwageukia wote wenye asili ya Ujerumani. Oppenheimer aliacha umeya na kuondoka mjini na familia yake.

Pesa za Wamarekani

Alirudi kwa nguvu zaidi. Mwaka 1917 alianzisha kampuni ya Anglo American kwa mtaji wa pauni milioni moja. Lengo la kwanza lilikuwa migodi ya dhahabu mashariki ya Johannesburg. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka Marekani, na benki ya J.P. Morgan ilikuwa kati ya waliomsaidia. Miaka 28 baadaye, nchi hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka mahakamani.

Vita vilipokwisha, Ujerumani ilipoteza koloni lake la Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Pwani ya jangwa la nchi hiyo ilikuwa na almasi nzuri. Oppenheimer aliwahi kabla ya wengine, akanunua kampuni za Wajerumani na kuziunganisha kuwa moja. De Beers walikuwa wamezoea kuona kila almasi mpya ikija kwao. Sasa mtu wa nje alikuwa ameshika mgodi ambao ungeweza kuwaharibia bei.

Alipewa cheo cha heshima cha Uingereza mwaka 1921, na watu wakaanza kumwita Sir Ernest. Mwaka 1924 aliingia bungeni Afrika Kusini akiwakilisha Kimberley, na alibaki huko hadi mwaka 1938. Katika nchi hiyo Waafrika walio wengi hawakuwa na haki ya kumchagua mbunge. Waliochimba almasi na dhahabu walikuja kwa mikataba kutoka mbali, wakakaa katika kambi zilizozungushiwa uzio, na mshahara wao ulipangwa na makampuni. Utajiri wa Oppenheimer ulisimama juu ya mfumo huo pia.

Almasi za Kasai zaingia katika mfuko mmoja

Wakati huo huo, Kongo ilikuwa inaingia katika biashara hii. Forminière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 chini ya mfalme Leopold wa Pili kwa mitaji ya Wabelgiji na Wamarekani, ilipata almasi ya kwanza karibu na Tshikapa mwaka 1907. Uchimbaji ulianza mwaka 1913. Mwaka 1918 almasi nyingine ziligunduliwa Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi, katika eneo la kampuni ya Beceka.

Almasi za Bakwanga zilikuwa nyingi mno, lakini sehemu kubwa haikufaa kwa pete. Ni mawe ya viwandani. Husagwa kuwa unga wa kunolea vyuma, au huwekwa kwenye ncha za mashine za kutoboa na kukata. Kwa uzito, Kongo ya Wabelgiji ikawa mzalishaji wa kwanza duniani. Mtu aliyetaka kushika bei ya almasi hangeweza kuiacha Kongo nje.

Oppenheimer alilielewa hilo mapema. Katika miaka ya 1920 alifunga mikataba na wazalishaji wa nje ya Afrika Kusini, wakiwemo wa Kongo na Angola. Walimuuzia yeye na washirika wake, naye aliwahakikishia mnunuzi wa kudumu. Wabelgiji waliona faida: almasi ilipata soko la uhakika, na mafundi wa Antwerp walipata mawe ya kukata. Wakongomani waliochimba mawe hayo hawakuulizwa.

Akiwa na mikataba hiyo mkononi, De Beers hawakuweza tena kumzuia. Aliingia katika halmashauri yao mwaka 1926, na Desemba 1929 akawa mwenyekiti.

Mlango mmoja London

Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka wiki chache tu kabla. Watu waliacha kununua almasi. Oppenheimer alijibu kwa njia mbili. Kwanza, mwaka 1932 alifunga migodi ya De Beers, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Pili, aliendelea kununua na kuficha mawe ya wazalishaji wengine ili yasiuzwe kwa bei ya chini. Mwaka 1930 aliunda shirika la kununua na kutunza almasi, na mwaka 1934 likafuata lingine la kuziuza. Almasi za Afrika Kusini, Namibia, Angola na Kongo zikapita katika mlango mmoja, London.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mara kadhaa kwa mwaka, wanunuzi wachache waliochaguliwa waliitwa London. Kila mmoja alipewa boksi lenye mawe mchanganyiko na bei iliyokwisha kupangwa. Alichukua boksi zima au aliliacha. Aliyebishana sana alijihatarisha asiitwe tena.

Serikali hazikuwa mbali na mpango huo. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya mwaka 1925 iliyoipa serikali mamlaka ya kusimamia uuzaji wa almasi, kwa sababu kodi ya almasi ilijaza hazina yake. Serikali hiyo, pamoja na utawala wa Afrika ya Kusini-Magharibi, zilikaa meza moja na De Beers katika umoja wa wazalishaji, ambako kila mmoja alipewa fungu lake la kuuza. Uingereza ilipata biashara kubwa na fedha za kigeni kupitia London. Ubelgiji ilipata mapato ya Kasai na kazi za Antwerp.

Miaka hiyo ilimletea pia misiba. Mke wake May alifariki mwaka 1934, na mwaka uliofuata mtoto wake Frank alikufa maji huko Madeira. Oppenheimer aliingia dini ya Kikristo katika kipindi hicho, akaoa tena, na akamweka Harry karibu naye zaidi katika kazi.

Vita vyaleta kesi

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha sura ya almasi. Viwanda vya Marekani vilivyotengeneza ndege, vifaru na mizinga vilihitaji almasi za kukatia na kunolea vyuma. Nyingi zilitoka Kongo, na ziliuzwa na kundi moja tu, London. Marekani ilitaka kujiwekea akiba kubwa. Maofisa wake walikuta wauzaji wanasitasita. Wachunguzi wa wizara ya sheria walihitimisha kwamba kundi hilo liliogopa kuachia mawe mengi, kwa sababu vita vikiisha akiba hiyo ingeweza kurudi sokoni na kuangusha bei.

Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1890 inayokataza makampuni kupatana ili kuua ushindani, na nyingine ya mwaka 1894 inayogusa bidhaa kutoka nje. Januari 1945 serikali ilifungua kesi mjini New York dhidi ya De Beers na makampuni mengine ya kundi hilo. Ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Serikali haikuomba mtu afungwe. Iliomba mahakama ivunje mapatano yaliyofanya almasi zote ziuzwe na mkono mmoja.

Tatizo lilionekana mara moja. Makampuni hayo hayakuwa ya Marekani, wala hayakuwa na ofisi ya kuuzia pale. Yalisema hayafanyi biashara nchini humo: Mmarekani ndiye anayesafiri hadi London, analipa London na anachukua mawe yake London. Vitabu vya hesabu, barua na mikataba vilikuwa Uingereza, Afrika Kusini na Ubelgiji. Mashahidi wakubwa walikuwa huko pia.

Mawakili wa serikali walijaribu kushika kile kilichokuwa karibu. Makampuni yalikuwa na pesa katika benki za Marekani na almasi zilizohifadhiwa huko. Serikali iliomba mali hiyo isitoke nchini hadi kesi iishe, kwa hofu kwamba makampuni yangeihamisha na kisha kupuuza hukumu. Mahakama ya chini ilikubali. Tarehe 21 Mei 1945 Mahakama ya Juu ilibatilisha amri hiyo, ingawa majaji waligawanyika. Walio wengi waliona kwamba kesi ilihusu mapatano ya biashara, na mali ile haikuwa sehemu ya ugomvi. Kwa hiyo haikufaa kuishika kama dhamana ya utii wa baadaye.

Baada ya hapo kesi haikuwa na meno. Ili kuendelea, mahakama ilihitaji mamlaka juu ya makampuni hayo, na wachunguzi walihitaji makaratasi ya London. Hakukuwa na mkataba wowote ulioilazimu serikali ya Uingereza kusaidia, na haikuwa na hamu ya kufanya hivyo. Kesi ikafutwa miaka michache baadaye bila kujibu swali lenyewe: je, mapatano hayo yalikuwa halali?

Hata kama London, Pretoria na Brussels zingetaka kusaidia, zingetumia sheria gani? Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kuchunguza ukiritimba mwaka 1948. Afrika Kusini ilipata yake mwaka 1955, na Ubelgiji mwaka 1960. Kitendo kilichoitwa kosa New York, kwingine kilikuwa biashara ya kawaida, tena yenye baraka za serikali.

Miaka ya mwisho

Oppenheimer alitoka katika vita akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Mpinzani aliyemsumbua zaidi alikuwa John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga nchini Tanganyika, mwaka 1940. Williamson alibishana naye juu ya bei na fungu lake, lakini mwaka 1947 aliingia katika mfumo wa London. Alifariki Januari 1958, wiki chache baada ya Oppenheimer, na mwaka huo huo mgodi wake ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika.

Anglo American nayo ilipanuka katika dhahabu ya Free State na katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Mwaka 1956, baada ya kuona hali mbaya ya makazi ya Waafrika pembeni ya Johannesburg, Oppenheimer alisaidia kupata mkopo wa pauni milioni tatu kutoka makampuni ya migodi ili kujenga nyumba katika eneo ambalo baadaye liliitwa Soweto. Mnara wenye jina lake bado unasimama huko. Wanaomsifu huutaja mkopo huo. Wanaomlaumu hukumbusha kwamba makampuni hayo hayo ndiyo yaliyonufaika na kazi ya bei ya chini.

Alipofariki mwaka 1957, Harry alichukua nafasi yake.

Serikali zaanza kusaidiana

Mfumo alioujenga uliendelea kwa miaka mingi. Kongo yenyewe iliupima. Baada ya uhuru, migodi ya Bakwanga ilikuwa chini ya kampuni ya MIBA, na almasi zake ziliendelea kuuzwa kupitia London. Mwaka 1981 Zaire ya Mobutu ilijitoa na kutafuta wanunuzi wengine. Bei ya almasi za viwandani ikaanguka, na mwaka 1983 nchi ikarudi ilikotoka. Nchi iliyozalisha mawe mengi hivyo haikuweza kusimama peke yake.

Mataifa makubwa nayo yalijifunza taratibu, na kwanza yaligombana. Uingereza na Afrika Kusini zilipitisha sheria za kuzuia makampuni yao yasitoe makaratasi kwa mahakama za kigeni. Lakini mwaka 1976 Marekani na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kusaidiana katika kesi za ushindani. Mengine yakafuata na Australia, Kanada na, mwaka 1991, Jumuiya ya Ulaya. Wachunguzi wa nchi mbili waliweza sasa kuarifiana na kupanga hatua zao pamoja.

Ukuta wa De Beers ukaanza kupasuka. Mwaka 1994 Marekani iliishitaki tena, safari hii kwa jinai, kwa madai ya kupanga bei za almasi za viwandani. Kampuni haikufika mahakamani, na wakubwa wake waliepuka kwenda Marekani. Mwaka 2004 ilikiri kosa huko Ohio na kulipa faini ya dola milioni 10. Wanunuzi wa Marekani waliofungua kesi za madai walikubaliana nayo kwa dola milioni 295, na mapatano hayo yakawa ya mwisho mwaka 2012. Ulaya nayo, mwaka 2006, iliifanya kampuni hiyo ikubali kuacha hatua kwa hatua kununua almasi za kampuni kubwa ya Urusi.

Fedha za kesi za madai zilikwenda kwa wanunuzi. Hakuna sehemu iliyorudi kwa waliochimba Bakwanga au Tshikapa.

Leo Kongo ina sheria yake, ile ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Ni mwanachama pia wa COMESA, ambayo tume yake ya ushindani ilianza kazi Lilongwe, Malawi, mwaka 2013, na tangu 2022 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maandishi, Kinshasa inaweza kuomba msaada wa majirani pale wanunuzi wa madini wanapopatana bei nje ya mipaka yake. Mawakili wa Marekani wa mwaka 1945 walikuwa na sheria nzuri na mahakama yenye nguvu. Walichokosa ni serikali moja ng'ambo iliyokuwa tayari kuwafungulia kabati la makaratasi.